Kongoni Aliyekataza Magoti

Ngano ngano!

(Imeiva, tuvune!)

Sijasikia. Ninyi wa huko nyuma mnatafuna karanga au mnasikiliza? Ngano ngano!

(Imeiva, tuvune!)

Hapo sawa.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walisemezana kama tunavyosemezana sisi, palikuwa na bonde lililoitwa Majani Marefu. Katikati ya bonde ulipita mto mdogo. Kando ya mto waliishi swala, pundamilia, tumbili, kanga, vyura, kwezi, ngiri, na wengine ambao nikiwataja wote uji utapoa.

Wanyama wa Majani Marefu walimjua Muumba wao. Kila asubuhi jua lilipochungulia, kila mmoja alimshukuru kwa sauti yake. Kwezi aliimba. Chura alikoroma. Kanga alipiga kelele, "Kekekeke!" Wakimaliza, huyu alikwenda malishoni, yule alikwenda mtoni, yule akarudi kwa watoto wake. Ndivyo walivyoishi.

Katika wanyama hao walikuwamo marafiki wawili, Bi Ngiri na Bi Kanga. Bi Ngiri alikuwa na shingo fupi, fupi kweli. Hakuweza kufikia majani ya chini akiwa amesimama. Kwa hiyo akila, alipiga magoti. Akichimba mizizi, alipiga magoti. Akisali, alipiga magoti vilevile. Magoti yake yalikuwa magumu kama nyayo za mkulima. Bi Kanga naye alikuwa mama wa kutaga na kuatamia, mwoga kidogo, mwenye moyo mzuri.

Bi Ngiri alipochimba mizizi, Bi Kanga alimfuata nyuma akidonoa wadudu waliofukuliwa. Na Bi Ngiri alikuwa na wimbo wake wa kuchimbia:

*Muumba wangu nakuomba,*
*na huku chini nachimba.*
*Moyo wangu uko kwako,*
*riziki yangu ni yako.*

Basi siku moja akaja mgeni. Alikuwa Kongoni, mwembamba, mwenye uso mrefu wa huzuni. Alifuatana na binti yake mdogo, jina lake Sikitu. Manyoya ya miguu yao yalikuwa yameungua.

"Karibuni," wakasema wanyama. "Mmetoka wapi? Mbona mmeungua?"

Kongoni akapanda juu ya kichuguu ili wote wamwone. Akasema, "Nimetoka nyuma ya vilima. Moto wa nyika umewamaliza ndugu zangu wote. Walikuwa wakila. Mimi na binti yangu tulikuwa juu ya kichuguu tukisali, na moto ukapita kando yetu. Hapo nikajua. Muumba huwateketeza wanaompa muda mdogo."

Wanyama wakatazamana. Wote waliufahamu moto wa nyika. Wote wakaogopa.

"Tufanye nini, Mwalimu?" wakauliza.

"Msisali kidogo tu kisha mkimbilie matumbo yenu," Kongoni akasema. "Kila asubuhi njooni hapa kichuguuni, msimame mpaka umande ukauke."

Hiyo ilikuwa amri ya kwanza. Na sitawadanganya, haikuwa mbaya. Waliposimama pamoja, waliokuwa wamegombana walipatana. Swala mgonjwa alijulikana na kuangaliwa hali. Hata Bi Ngiri alisema, "Mgeni huyu ametuletea kheri."

Lakini Kongoni hakutulia. Kila alipofumba macho aliuona ule moto. Akajiambia kwamba bado hawajasali vya kutosha. Akatoa amri ya pili.

"Nasikia kelele," akasema. "Huyu anaimba, huyu anakoroma, huyu anapayuka. Mnamchanganya Muumba! Tangu leo wote mtasali kwa sauti moja, sauti yangu." Akavuta pumzi, akakoroma kwa pua, "Frrrm!"

Wanyama wakajaribu. Kwezi akasema, "Fiu!" Chura akasema, "Fwaa!" Bi Kanga akasema, "Kek... frr... kek!" mpaka akapaliwa. Sikitu akacheka. Baba yake akamtazama kwa jicho kali, na mtoto akainamisha kichwa.

Siku hiyo ndipo alipojitokeza Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Mnyama mdogo, mwenye mkia mrefu na macho ya harakaharaka. Alikuja na ndugu zake, wote pua mbele.

"Mwalimu," Nguchiro akasema kwa unyenyekevu, "amri bila mlinzi ni kama ua lisilo na lango. Sisi tutawalinda watu wako. Asiyefika kichuguuni tutamfuata. Atakayeimba tutamng'ata kisigino."

Kongoni akafurahi. "Muumba awabariki."

Kuanzia hapo, kwezi hakuimba tena Majani Marefu. Asubuhi ilisikika "Frrrm" moja tu, nzito, ya watu wenye visigino vinavyouma.

Haikupita muda, Kongoni akatoa amri ya tatu. "Kuanzia kesho mtasimama hapa mpaka jua liwe utosini. Akina mama pia. Na magoti ni ya sala peke yake. Nimemwona mtu anayepiga magoti akila. Anapiga magoti akichimba matope! Hiyo ni dhihaka."

Kila mnyama akageuka kumtazama Bi Ngiri.

Bi Ngiri akasogea mbele. "Mwalimu, shingo yangu ni fupi. Nisipopiga magoti sili. Muumba ndiye aliyenipa shingo hii, sikuichagua."

"Basi ule majani ya vichakani."

"Vichaka vina miiba, Mwalimu. Na mimi ninapochimba humkumbuka yeye. Sioni tofauti ya..."

"Huoni tofauti!" Kongoni akapaza sauti. "Mmemsikia? Haoni tofauti ya Muumba na mizizi!"

"Sikusema hivyo."

"Toka!" Nguchiro na ndugu zake wakaitikia, "Toka! Toka! Toka!"

Bi Ngiri akamtazama rafiki yake, Bi Kanga. Alitaka neno moja tu. Bi Kanga akatazama chini, akadonoa mchanga usio na kitu.

Bi Ngiri akaondoka. Akaenda kukaa peke yake kwenye kona ya mto, mbali, karibu na mawe meupe. Aliumia moyo. Lakini asubuhi ilipofika, alipiga magoti akasali, kisha akapiga magoti akala.

Sasa sikilizeni yaliyompata Bi Kanga.

Bi Kanga alitaga mayai yake kwenye nyasi. Alfajiri akayafunika kwa majani, akaenda kichuguuni. Akasimama mpaka jua likawa utosini. Aliporudi, mayai hayapo.

Akamkimbilia Nguchiro. "Mlinzi wetu, mayai yangu hayapo!"

Nguchiro akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Pole, mama. Muumba ameyachukua. Bila shaka ulikuwa ukiyawaza ulipokuwa ukisali."

Ni kweli, alikuwa akiyawaza. Mama gani hawazi mayai yake? Bi Kanga akaona aibu, akanyamaza.

Akataga mara ya pili. Akaenda kichuguuni, akajikaza asiyawaze. Aliporudi, mayai hayapo. Nguchiro akasema, "Pole, mama. Imani yako bado haijakolea. Simama mbele kabisa."

Akataga mara ya tatu. Akasimama mbele kabisa, macho ameyafumba, akasema "Frrrm" mpaka koo likakauka. Aliporudi, hata unyoya uliokuwa kwenye kiota haukuwapo.

Mara hiyo hakumwendea mtu. Alikaa penye kiota kitupu akakilalia, kama vile mayai yamo.

Kumbe asubuhi ileile, Bi Ngiri alikuwa kwenye kona yake ya mto akisikia sauti ngeni. *Kacha! Kacha!* Akachungulia. Akamwona Nguchiro amelishika yai kwa miguu ya mbele. Nguchiro akaligeuzia mgongo jiwe jeupe, akalirusha yai nyuma, likapita katikati ya miguu yake na kupasuka jiweni. *Kacha!* Ndugu zake wakaramba. Walikuwa wakicheka.

Bi Ngiri akamtafuta Bi Kanga, akamkuta amelala penye kiota kitupu.

"Dada, si Muumba aliyechukua mayai yako. Ni Nguchiro. Nimemwona kwa macho yangu."

Bi Kanga akainuka. "Usiseme hivyo! Ukisema kweli, basi niliyaacha mayai yangu nikawapa wezi. Mara tatu! Siwezi kubeba neno hilo. Ondoka, dada. Wewe umefukuzwa, ukionekana hapa nami nitafukuzwa."

Bi Ngiri hakumlaumu. Alisema tu, "Siku utakayoweza kulibeba, mimi niko kwenye kona ya mto." Akaenda zake.

Ngano ngano!

(Imeiva, tuvune!)

Mnasikiliza bado. Vizuri, maana sasa ukame unaingia.

Mvua ilikataa. Nyasi zikawa kahawia, kisha nyeupe, kisha vumbi. Mto ukanywea, ukabaki madimbwi, madimbwi yakabaki matope, matope yakapasuka. Wanyama wakamwendea Kongoni.

Pundamilia akasema, "Mwalimu, wazee walituambia maji hulala chini ya mchanga wa mto. Turuhusu tukachimbe."

Kongoni akakataa. "Anayechimba anamwambia Muumba, 'Sikuamini.' Tutasimama hapa wote. Hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kuchimba, mpaka mvua inyeshe."

Siku ya kwanza wakasimama. Mvua haikunyesha.

Siku ya pili wakasimama. Mvua haikunyesha. Vyura wakalala chali.

Siku ya tatu wakasimama, na Sikitu, binti Kongoni, akaanguka.

Alianguka taratibu, magoti kwanza, kisha ubavu. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama gamba la mti. "Baba," akasema, "maji."

Kongoni akashuka kichuguuni mbio. Akamlamba mtoto wake, lakini ulimi wake nao haukuwa na mate.

"Vumilia, mwanangu. Mvua inakuja."

"Maji, baba."

Hapo Bi Kanga, yule mwoga, akasogea. Alipita mbele ya walinzi, wakamng'ata kisigino, asigeuke. Akasimama mbele ya Kongoni.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimepoteza watoto mara tatu nikiwa nimesimama hapa. Niliambiwa ni Muumba. Nikaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi kuliko kuuliza. Wewe wako bado anapumua. Usisubiri uje uambiwe kama nilivyoambiwa."

"Nikimtafutia maji nimevunja amri," Kongoni akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Nikivunja amri, moto utakuja."

Bi Kanga akakimbia. Kanga haruki sana, mnajua, lakini siku hiyo aliruka, akaanguka, akakimbia, akaruka tena, mpaka kwenye kona ya mto.

Huko alisikia wimbo kabla hajaona mtu.

*Muumba wangu nakuomba,*
*na huku chini nachimba.*

Bi Ngiri alikuwa ndani ya shimo refu katika mchanga wa mto. Tangu siku ile wengine waliposimama, yeye alikuwa akichimba. Siku ya kwanza alichimba, mchanga ukaporomoka. Siku ya pili alichimba, akakuta mwamba, akahama, akaanza upya. Siku ya tatu mchanga ukaanza kuwa baridi, kisha ukawa na unyevu. Na asubuhi hiyohiyo maji yalikuwa yamejikusanya chini, machafu, ya udongo, lakini maji!

"Dada!" Bi Kanga akaita. "Nimekuja. Lile neno nimelibeba. Lakini Sikitu anakufa."

Bi Ngiri hakuuliza Sikitu ni mtoto wa nani. Alijua. Hakuwa na kibuyu wala kata ya kuchotea. Alifanya alilolijua. Akajitupa kwenye matope, akagaagaa upande huu, akagaagaa upande ule, mpaka tope bichi likamfunika mwili mzima. Kisha akakimbia huku maji yanamchuruzika.

Alipofika kichuguuni, Nguchiro akamzuia. "Umefukuzwa! Na umechafuka! Huingii mahali pa sala!"

Bi Ngiri hakupunguza mwendo. Nguchiro aliruka pembeni mwenyewe.

Akalala chini kando ya Sikitu, ubavu wake ukagusa mdomo wa mtoto. "Lamba, mwanangu," akasema. Sikitu akalamba. Akalamba tope, akanyonya maji yaliyomo, akalamba tena. Baada ya muda akafumbua macho.

Kongoni akatazama. Hakuna moto uliokuja. Upepo ulivuma tu, ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Wanyama wote wakainua pua.

"Ni maji," Pundamilia akasema.

Wakakimbia! Walioweza kukimbia wakakimbia, walioweza kutambaa wakatambaa, wenye nguvu wakawabeba vyura mgongoni. Wakafika kwenye kona ya mto, na njia ikapita kwenye mawe meupe. Hapo wakasimama ghafla.

Chini ya mawe kulikuwa na maganda ya mayai. Maganda mengi, makavu, yamerundikana. Bi Kanga akalisogelea moja, akaligeuza kwa mdomo. Mwenye kitu hakosi kukijua. Akalia kwa sauti yake mwenyewe, "Kekekeke!" kwa mara ya kwanza tangu amri ya pili.

Kongoni akauliza polepole, "Nani amefanya hivi?"

Walipogeuka kumtazama Nguchiro, alikuwa ameshaanza kukimbia, yeye na ndugu zake. Wanyama wakawafukuza kwa kwato na mabawa mpaka nyuma ya vilima. Wezi hao hawakuambulia hata nafasi ya kunywa. Na tangu siku hiyo nguchiro akimwona kanga na watoto wake, hujua hakaribishwi.

Wanyama wakanywa. Walipokwisha kunywa, hasira ikawapanda. Tumbili akaruka juu ya jiwe.

"Mmeona?" akasema. "Sala zimetuua kwa kiu! Tukabomoe kile kichuguu! Tumfukuze Kongoni! Na kuanzia leo asinitajie mtu Muumba!"

"Tubomoe!" wengine wakaitikia.

Bi Ngiri akatoka shimoni, tope limemkauka mwilini.

"Tumbili," akasema, "unadhani nilipokuta mwamba siku ya pili nilifanya nini?"

"Ulihama ukachimba kwingine."

"Kabla ya kuhama nililia. Kisha nikasali. Nisingesali, ningeliacha shimo nikaenda kufa kivulini. Na ningesali tu bila kuchimba, ningekufa papo hapo nimefumba macho. Vyote viwili vimetoa maji haya. Sasa wewe unataka kututoa kwenye jua kali ututupe kwenye moto. Mimi sitaki."

Tumbili akajikuna kichwa, akashuka jiweni.

Kongoni akaja mbele. Uso wake mrefu ulikuwa umelowa, na halikuwa tope.

"Niliwadanganya," akasema. "Nilijidanganya mimi kwanza. Siku ile ya moto sikuwa nikisali. Nilikuwa nikila, kama ndugu zangu. Kaka yangu ndiye aliyeuona moto. Akatupigia kelele mimi na Sikitu tupande kichuguuni, pasipo na nyasi, yeye akarudi kuwaita wengine. Hakurudi tena. Nilianza kusali moto ulipokwisha kupita. Ndugu zangu hawakuwa waovu. Walikuwa na njaa tu. Lakini nilishindwa kuishi bila kujua kwa nini walikufa na mimi nikabaki. Nikatafuta sababu, nikawatwisha ninyi."

Baadhi ya wanyama walitaka aondoke. Bi Kanga ndiye aliyejibu, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kujibu.

"Umeniumiza," akasema. "Sitasema hukuniumiza. Lakini nikikufukuza, Sikitu ataamini nini kuhusu Muumba? Kaa. Ila usinichagulie sauti tena."

Kongoni akakaa. Alipiga magoti kwenye mchanga wa mto, karibu na Bi Ngiri, akaanza kuchimba kwa kwato zake. Hakuwa hodari. Mchanga ulimrukia machoni. Sikitu akacheka, na safari hii baba yake akacheka naye.

Wakachimba visima viwili vingine. Wakanywa visimani mpaka mvua iliponyesha. Ilinyesha siku yake ilipofika, ikawalowesha wote, waliosali sana na waliosali kidogo.

Majani yakaota. Asubuhi wanyama walikutana tena kumshukuru Muumba, kwezi akiimba, chura akikoroma, kisha kila mmoja akashika shughuli yake. Aliyekuwa na mgonjwa alibaki na mgonjwa. Aliyekuwa na mtoto mchanga alibaki na mtoto. Hakuna aliyekwenda kumng'ata mtu kisigino.

Bi Kanga akataga tena. Siku mayai yalipokaribia kuanguliwa, jua lilikuwa kali, na kiota kilikuwa mahali peupe. Kongoni alitoka kusali akapita hapo. Akamwona mama amepanua mabawa, anahema kwa joto, hataki kuinuka. Alijisogeza upande wa jua, akasimama, kivuli chake kikafunika kiota chote. Akasimama hapo mpaka jua likawa utosini, na hata lilipopita, mpaka yai la kwanza lilipopasuka na sauti ndogo ikatoka ndani, "Kek!"

Basi wanangu, mafunzo ni haya. Imani ni kama chumvi. Chakula kisicho na chumvi hakiliki, na kilichozidi chumvi hakiliki vilevile. Msali, na mikono yenu ifanye kazi. Mpendeni Muumba, na msiwatese aliowaumba kwa jina lake. Na mtu akikwambia uache kuuliza, umwulize yeye kwanza.

Ulimi wangu unashuka hapa. Iliyo tamu bebeni mkawagawie wa nyumbani, iliyo chungu niachieni mwenyewe niimeze.